Kivuli Kilichobaki Njia Panda

Kila asubuhi Somoe alifagia kibaraza chake, akatoa mtungi wa togwa, kisha akakaa kutazama barabara. Nyumba yake ya udongo ilikuwa penye pembe ya njia panda ya Masasi, pale njia ya kutoka Lindi inapokutana na ile ya kupandia Newala. Wapagazi wenye mizigo ya nta na mpira wa mwitu walitua kivulini kwake, wakanywa, wakapumzika. Naye aliwauliza jambo moja tu: kama wamemwona mumewe.

Mumewe, Sadallah, alichukuliwa na askari wa Wadachi wakati wa vita vya Maji Maji akawabebee risasi. Alipokuwa akitwishwa mzigo alimwambia mkewe, "Mama Kurwa, usihame. Nikirudi, nitakufuata papa hapa." Vita vilikwisha, njaa ikaja ikapita, Sadallah hakuonekana. Kurwa, binti yao aliyeolewa Mnyambe, alimbembeleza mama yake akakae naye. Somoe hakutaka kusikia. Mtu akirudi akakuta pengo, aelekee wapi?

Ndipo akaja Bwana Renke, mfanyabiashara wa Kidachi kutoka Lindi, ramani kwapani. Alitaka kujenga duka la mawe lenye paa la bati penye pembe ile. Alisema mji hauwezi kuendelea ikiwa mahali pake pazuri kuliko pote pamekaliwa na mtungi wa togwa. Aliyasema kwa upole. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyezoea kupewa.

Akida Shamte, aliyesimamia mji kwa niaba ya boma, hakupenda kelele. Vita vilimfundisha kwamba watu wakinyang'anywa waziwazi hukumbuka. Akaona heri waulizwe wazee waliokufa, kama ilivyo desturi: mwenye mahali humimina unga wa mtama chini, taratibu, usimame mfano wa kichuguu, akanuia ombi lake, ukafunikwa kwa chungu hadi asubuhi. Ukikutwa umesimama, wazee wameridhia. Ukiporomoka, wamekataa.

"Mama Kurwa," akida akasema, "mimina wewe. Nyumba ni yako na wazee ni wako. Wakikataa, Bwana atatafuta pembe nyingine."

"Na wakiridhia, Bwana Akida?"

"Wakiridhia, sote tutakuwa tumewasikia."

Jioni ile Somoe akapiga magoti, unga kiganjani, watu wamemzunguka. Alikusudia kuulizia kiwanja, akitaka wazee wakatae. Lakini tangu mumewe aondoke hakuwahi kuwa na unga wa kumwaga. Miaka ya njaa unga ni wa kutia mdomoni. Sasa huu hapa, unga wa akida, na wazee wanasikiliza. Moyo ukamwenda kwingine. Akanuia: kama Sadallah anarudi, usimame.

Asubuhi chungu kikafunuliwa. Unga ulikuwa umesimama, ncha imechongoka vilevile, hata sisimizi hakuugusa. Somoe akapiga vigelegele. Akalia kwa furaha mbele ya mji mzima, akawakumbatia wanawake waliokuwa karibu.

"Unaona?" akida akamwambia Bwana Renke. "Amefurahi mwenyewe."

Somoe alipotambua alichofanya akaeleza, akarudia kueleza. Akida alimsikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akasema unga ulimiminwa kwa ajili ya kiwanja, basi umejibu habari za kiwanja. Mwenye nguvu mpishe. Nyumba ikabomolewa kabla ya adhuhuri, na nguzo zake zikawa kuni.

Kivuli cha nyumba hakikuondoka. Kilibaki pale chini, na nyasi za paa zikining'inia, na nguzo za kibaraza. Asubuhi kililalia magharibi, alasiri mashariki, kama siku zote. Mafundi walichimba msingi ndani yake wakashukuru kwa ubaridi. Duka lilipokamilika likatupa kivuli chake lenyewe, lakini wapagazi waliendelea kutua katika kile cha zamani, kwa kuwa bati lina joto. Somoe, aliyekuwa amehifadhiwa na jirani, akarudi na mtungi wake.

Bwana Renke akalalamika. Hakulalamikia kivuli, ambacho kilimpunguzia kazi ya kujenga baraza. Alilalamikia togwa, maana walioshiba togwa hawakuingia dukani. Akida akaja, akatazama chini, akakata shauri: kivuli kimo kiwanjani, na kiwanja ni cha Bwana. Atakayekaa humo awe na shida na duka, yaani awe amekuja kununua. Askari akawekwa kulinda. Watu hawakuona ajabu. Tangu Wadachi waje walikwisha kuona vitu vikubwa zaidi vikipata mwenyewe mwingine. Somoe akahamia ng'ambo ya barabara, juani, na ilimuuma sana.

Alasiri moja ya kiangazi kivuli cha mwanamume kikaja kwa njia ya Lindi, bila mtu. Kilitembea polepole, bega moja limeinama kwa mzigo. Wapagazi wakakipisha. Kikapita mlango wa duka bila kugeuka, kikapanda kibaraza cha nyumba isiyokuwapo, kikatua mzigo, kikakaa.

Wazee wa Masasi walisema maiti hana kivuli, kwa hiyo Sadallah yu hai, ni mwili tu uliochelewa njiani. Somoe naye hakuwa na shaka. Akavuka barabara, akasimama pale jua linapoishia.

"Baba Kurwa," akaita. "Umerudi."

Kivuli kikainua kichwa.

"Mama, rudi nyuma," askari akasema. Alikuwa mtu wa Lupaso, na hakusema kwa ubaya. "Usinitie matatani."

"Ni mume wangu huyo."

"Namwona, mama. Lakini una shida gani na duka?"

Somoe hakuwa na shida yoyote na duka. Pale kibarazani kivuli kikajisogeza upande, kikamwachia nafasi ya kukaa. Jua likazidi kushuka, kibaraza kikarefuka, kikaanza kuvuka barabara kumwelekea. Akida alikuwa hajasema kivuli kikivuka barabara ni cha nani, na askari akaona heri asikosee. Akamwambia Somoe arudi nyuma. Kivuli kikamfuata, akaambiwa arudi tena. Akarudi, na kila aliporudi kikamfuata, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa nyumba za upande wa pili, na jua likazama.