Nyuzi Tisini na Saba

Laptopu ilizima tena, lori lake la kwenye gemu likiwa katikati ya daraja. Ibtisam aliondoa mikono kwenye vibonye, akavipuliza vidole. Mahali pale juu ya vibonye palikuwa pa moto kama kikaango.

Simu ikalia papo hapo. "Dada, umepotea tena," alisema Wafaa kutoka Norwe. "Lori lako limetoweka mbele yangu."

"Ni hili joto, mdogo wangu. Nisubiri ipoe."

"Mtoto ataamka sasa hivi. Basi kesho, inshallah."

Laptopu hiyo ya gemu ilikuwa ya mume wa Wafaa. Ilipochakaa wakamletea Ibtisam kwa mkono wa msafiri, mwaka ule mama yao alipofariki. Mama ndiye aliyekuwa ametaka warudi kwao kutoka Mombasa. Kisiwani kwao Koyama nyumba haikuwepo tena, wakaishia mjini Kismayu, na Ibtisam akabaki kumuuguza. Baada ya maziko, nyumbani alisalia yeye na cherehani yake. Wafaa akamfundisha gemu ya kuendesha malori, na kila siku baada ya swala ya Alasiri wakawa wanaongozana, lori nyuma ya lori, katika nchi ambazo Ibtisam hajazikanyaga, wakipiga soga kuhusu nani kaolewa Mombasa na mama alikuwa akitia ndimu ngapi kwenye samaki. Mtu angewasikia angedhani wamekaa mkeka mmoja.

Sasa ilikuwa haipiti robo saa mashine haijafika nyuzi tisini na saba za joto ikajizima. Ibtisam akaichukua, akaipeleka sokoni kwa Husein, fundi wa simu.

Husein alifungua kifuniko cha chini, akacheka. "Dada Ibtisam, unashonea humu ndani?" Feni ilikuwa imezibwa na vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za vitambaa vya mabuibui aliyokuwa akishona. Akavitoa kwa brashi. Dawa ya kupitishia joto juu ya chipu ilikuwa imekauka ikawa kama udongo. Akaikwangua, akasafisha kwa spiriti, akapaka mpya. Wakaijaribu. Tisini.

"Chipu ya picha imezeeka," alisema. "Tuipunguzie kazi." Akaingia kwenye mipangilio ya gemu, akaondoa vivuli, majani na mvua. "Sura itakuwa ya kimaskini, lakini haitazima."

Siku ya pili, Jumamosi, Ibtisam aliihamisha mbali na cherehani, akaiinua nyuma kwa vibao viwili. Nyuzi sabini na sita. Wafaa akaingia, wakaondoka.

"Ee, mvua hii, dada! Washa waipa."

Mbele ya Ibtisam barabara ilikuwa kavu, imenyooka kati ya vilima vitupu. "Kwangu hainyeshi."

"Hainyeshi vipi, na tuko pamoja?"

"Husein ameitoa."

Wafaa alicheka. Ibtisam akamsimulia habari za soko hadi mwisho. Alichosikia ni kijiko kikigonga sahani. "Dada, naja," alisema Wafaa, na lori lake likasimama kando ya barabara. Ibtisam akaegesha nyuma yake.

Nusu saa ikapita. Feni ilivuma taratibu, mashine haikuzima. Miezi yote hiyo alikuwa akililaumu joto. Sasa akakumbuka jinsi Wafaa alivyokuwa mwepesi wa kusema kesho kila mashine ilipozima, na jinsi sauti yake ilivyokuwa ikilegea, kama mtu aliyetua mzigo.

"Samahani, nilikuwa namlisha," alisema Wafaa aliporudi. "Bado upo?"

"Nipo. Wafaa, si lazima kila siku."

"Nilikuwa naogopa kukwambia," alisema Wafaa. "Nachoka, dada. Lakini nikisema hivyo, nani mwingine atazungumza nawe?"

"Mimi mchu mzima," alisema Ibtisam kwa lahaja ya mama yao, akimaanisha mtu mzima. "Unaweza Ijumaa?"

"Ijumaa sitakosa, wallahi."

Wakaagana. Lori la Wafaa likafutika. Ibtisam alikaa kidogo akiitazama ile nafasi tupu, machozi yakimtoka bila kelele. Mzigo wa lori lake ulikuwa bado na kilomita mia mbili za kwenda. Akajipangusa kwa ncha ya mtandio, akatazama kioo cha pembeni ingawa hapakuwa na gari lolote, akaingia barabarani.