Darasa la Sita Tupo kwa Ashrafu

"Sasa Mwalimu, huo umekufa," alisema Editha. "Ukiwa mzima unafanyaje?"

Moyo wa mbuzi ulikuwa ndani ya beseni, umepasuliwa katikati, na Darasa la Sita zima limeuzunguka kama watu wanaochungulia kisima. Mwalimu Theresia alikuwa bado ameshika wembe. Kila mwaka, somo hili lilipofika, alipita buchani alfajiri kabla wenye kutaka supu hawajauwahi ule moyo, akauleta shuleni umefungwa kwenye jani la mgomba. Alionyesha vyumba vinne. Alionyesha mishipa, akapitisha bua la mtama kutoka upande huu hadi ule. Aliwaacha waguse, wanuse, wafute mikono kwenye nyasi. Na kila mwaka wanafunzi walirudi kwenye madawati wameridhika.

"Unadunda," alijibu.

"Unadundaje?"

Theresia aliuweka wembe chini. Alikunja ngumi yake, akaifumbua, akaikunja tena mbele ya macho ya yule binti. Editha aliitazama ngumi kwa heshima, lakini ilikuwa wazi kwamba haikumwambia kitu. Kengele ikalia.

Mchana huohuo Mwalimu Mkuu, Anselm, alimwita ofisini na kumpa barua bila kumtazama usoni. Barua ilisema kwamba, kwa kuwa Mwalimu Theresia hakuwa amefikia daraja linalotakiwa, kuanzia muhula ujao angefundisha Darasa la Kwanza tu. Sayansi ya madarasa ya juu ingechukuliwa na mwalimu mwenye cheti cha kidato cha nne. Kabla ya hapo Mratibu wa Elimu wa Kata angekuja kumwangalia akifundisha kipindi kimoja, Jumatano ya mwisho wa mwezi ujao.

"Mratibu akiridhika je?" aliuliza Theresia.

"Barua imeshaandikwa, Mwalimu." Anselm alizipanga kalamu zake upya mezani. "Lakini utaratibu ni utaratibu. Lazima aje."

Theresia alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Miaka ya sabini, nchi ilipotaka kila mtoto aingie darasani na walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufundishwa ualimu hukohuko vijijini, kwa vijitabu vya posta na sauti ya redio. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikaa mbele ya redio ya kijiji, hapahapa Ihanja, kalamu mkononi, akajifunza kuandika upesi kwa sababu redio hairudii. Wakati ule waliitwa wakombozi. Sasa ulikuwa mwaka 2004, biashara imekuwa huria, shule za watu binafsi zinafunguliwa kila kukicha, na vijana waliotoka vyuoni walipotaka kumcheka mtu aliyekosea hesabu walimwambia, "Wewe ni UPE nini?" Alikuwa amejaribu mtihani wa kidato cha nne mara moja, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kiingereza kilimwangusha. Mumewe, Paskali, alimwambia ajaribu tena, naye akasema atajaribu, na miaka ikapita.

Usiku ule hakuiwaza barua. Aliliwaza swali la Editha.

Jumamosi alipanda lori la vitunguu hadi Singida mjini, akaenda duka la vitabu kutafuta chati ya moyo. Chati ya moyo ilikuwa imekwisha. Walikuwa na ya meno na ya mjusi. Alitoka akasimama barazani, begi kwapani, na binti mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mlango wa pili akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekosa ulichokuja kutafuta?"

Binti huyo aliitwa Saada. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa ambalo lilikuwa limegawanywa katikati kwa ubao: upande mmoja khanga na vitenge, upande mwingine kompyuta nne na bango lililoandikwa kwa rangi nyekundu, INTANETI. Theresia alimweleza. Saada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, kana kwamba anamwelekeza mgeni njia ya sokoni, "Mama, kitu hicho kipo humu ndani."

Theresia alikaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza maishani. Mkono wake ulikuwa mkubwa juu ya kile kipanya, na mshale kwenye kioo ulikimbia kila alipotaka utulie. Aliandika "moyo" kwa kidole kimoja. Zikaja habari za mapenzi.

"Andika kwa Kizungu, mama," alisema Saada, akajizuia kucheka.

Kwa Kizungu zikaja kurasa nyingi, na katika mojawapo, baada ya kusubiri mpaka mgongo ukamuuma, picha ikafunguka kidogokidogo kutoka juu kwenda chini. Saada akabonyeza. Picha ikaanza kucheza.

Theresia alikisogelea kioo. Moyo ulikuwa umechorwa kama umekatwa, sawasawa na alivyokuwa akiukata yeye. Lakini huu ulijikunja, ukajiachia, ukajikunja. Damu iliingia juu ikashuka chini, na katikati palikuwa na vipande vyembamba kama majani ambavyo alikuwa amevishika kwa vidole vyake kwenye kila moyo wa mbuzi asijue kazi yake. Vilikuwa milango. Vilifunguka damu ipite, vikajifunga isirudi.

"Rudisha," alisema. Saada alirudisha. "Rudisha tena."

"Mama, hii utairudisha mpaka uchoke. Haiendi popote."

Akatoa daftari. Jumamosi tatu zilizofuata alirudi, kamusi mkononi, akitafsiri maelezo neno kwa neno. Palipokuwa na neno gumu alitafuta la kwake. Saada naye alikusanya picha zote zenye kucheza, akazipanga na kuzichoma kwenye CD moja ili zionyeshwe kwenye deki ya kawaida. "Hapo Ihanja," alisema alipomkabidhi, "mwenye deki na jenereta ni kaka yangu Ashrafu. Mwambie nimekutuma mimi."

Theresia alimjua Ashrafu. Banda lake la video lilikuwa kando ya barabara kuu, limezungushiwa magunia na kuezekwa kwa bati, na kutwa lilitoa milio ya ngumi na kelele za sinema za Kinaijeria. Shuleni lilikuwa marufuku. Yeye mwenyewe, mara mbili, alisimama na fimbo nje ya banda lile akawapokea watoro mmoja mmoja walipotoka.

"Karibu, Mwalimu. Shikamoo," alisema Ashrafu, akatazama mikono yake kama ina fimbo.

"Marahaba. Nina CD hapa kutoka kwa dada yako. Nataka kuleta Darasa la Sita humu, Jumatano asubuhi."

Ashrafu aliigeuzageuza CD. "Wewe ndiye uliyewaambia watoto hapa ni pango la wahuni."

"Nilisema."

"Na ukawachapa mlangoni kwangu, wateja wanaona."

"Niliwachapa. Sikujua kwamba siku moja nitakuja kukuomba. Nimekuja kukuomba."

Kijana aliitazama CD tena. Kisha akaiingiza CD kwenye deki, akavuta kamba ya jenereta, na wote wawili wakasimama katika giza la magunia wakitazama. Ilipokwisha alisema, "Jumatano nitafagia."

Kilichobaki kilikuwa ruhusa. Theresia alimweleza Mwalimu Mkuu kila kitu: intaneti, CD, banda. Anselm alisikiliza akiwa ameegemeza kichwa mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa simu kutoka wilayani.

"Wanafunzi," alisema hatimaye, "na sare zao, kwenye banda la video. Siku ya Mratibu."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Mimi hilo sijalisikia." Akainuka kwenda kuangalia bustani ya shule.

Jumatano ilifika na upepo wa vumbi. Mratibu, mama mmoja mrefu aitwaye Lea, alifika kwa pikipiki, akavua kofia ngumu, akasaini kitabu cha wageni, akaongozwa na Anselm hadi Darasa la Sita. Madawati yalikuwa matupu. Ubaoni, kwa mwandiko wa duara ambao Theresia alifundishwa enzi za redio, palikuwa pameandikwa: *Darasa la Sita tupo kwa Ashrafu. Karibuni.*

"Ashrafu ni nani?" aliuliza Mratibu.

Anselm alitazama ubao kwa muda mrefu kuliko maandishi yenyewe yalivyohitaji. "Ana banda la video," alisema.

Walitembea kando ya barabara, Mratibu mbele. Wauza vitunguu walisimama kuwatazama. Walipofika mlangoni walikuta viatu vimepangwa safu, vingi vikiwa kandambili, na ndani hakukuwa na kelele yoyote ila mngurumo wa jenereta nyuma ya banda. Mratibu aliinua gunia, akainama, akaingia.

Kwenye kioo moyo ulikuwa unadunda, mkubwa kama kichwa cha ng'ombe. Sauti ya Mzungu ilikuwa ikieleza haraka haraka.

"Huyo mnyamazishe, Ashrafu," alisema Theresia. "Nitasema mwenyewe."

Sauti ikazimwa. Theresia alisimama pembeni ya televisheni, bua la mtama mkononi kwa kuonyeshea. Aliwaona wageni. Akaigeukia picha, na picha ilikuwa ikiendelea na kazi yake bila kumjali mratibu wala barua.

"Tazameni zizi," alisema. "Mbuzi wametoka machungani wamechoka. Hii ndiyo damu ya mwilini, hewa imeisha. Wanaingia zizi la juu, upande huu. Mlango unafunguka, wanashuka zizi la chini. Tazama mlango. Tazama. Umefanyaje?"

"Umejifunga," walisema watoto.

"Kwa nini?"

"Wasirudi."

"Haya, zizi linajikunja, linawasukuma. Wanakwenda wapi? Mapafuni. Huko wanakula hewa wanashiba. Wanarudi upande wa pili. Huu ndio wenye ukuta mnene. Nani anakumbuka moyo wa mbuzi, upande upi ulikuwa mgumu kwa wembe?"

Mikono ikainuka, kwa sababu wote waliukumbuka. Mikono yao wenyewe iliukumbuka.

Alisimamisha picha, akairudisha, akaipeleka polepole. Aliwaambia waweke vidole chini ya taya na watafute mdundo, na banda zima likawa limeshika shingo. Hata Ashrafu, pale penye deki. Mtoto mmoja alisema wake haupo, jirani yake akamtafutia akaupata, na kicheko kikapita kwenye mabenchi kama upepo kwenye alizeti.

Mratibu Lea alikuwa bado amesimama. "Mwalimu, naomba kuuliza swali," alisema. Darasa likageuka, likashtuka, likasimama kumsalimu, akawaketisha kwa mkono. "Huo mlango. Ukiwa mbovu, haufungi vizuri, itakuwaje?"

Hilo halikuwemo kwenye CD. Halikuwemo hata kwenye daftari la Theresia. Alitaka kujibu, akajizuia, akawatazama watoto.

Editha alisimama. Alitazama kioo, midomo ikitembea, kama mtu anayehesabu mifugo kwa mbali.

"Damu nyingine itarudi nyuma," alisema polepole. "Itabidi moyo uisukume tena. Damu ileile, mara ya pili. Utachoka upesi. Na mwenyewe atachoka, hata akitembea kidogo."

Mratibu alimtazama yule binti, kisha akatafuta nafasi kwenye benchi la nyuma, akakaa kati ya wavulana wawili.

"Rudisha mwanzo," alimwambia Ashrafu. "Mimi nimekuta katikati."

Somo likarudiwa lote. Lilipokwisha, watoto waliondoka kwa mstari kurudi shuleni, na barabarani walionekana wakienda huku wameshika shingo, wengine wakimshika hata mbwa aliyewafuata. Mratibu alijaza fomu yake juu ya goti. Aliandika kwa muda mrefu, akageuza ukurasa, akaendelea.

"Haya umeyasoma wapi, Mwalimu Theresia?"

"Mjini, kwenye intaneti. Jumamosi."

"Nani alikufundisha hiyo intaneti?"

"Binti mmoja wa dukani. Mengine nimejifundisha. Sisi tulisomea redioni, Mama Mratibu. Tumezoea mwalimu asiyekuona."

Lea alicheka, cheko fupi la mtu asiyetarajia kucheka kazini. "Jumatatu ya wiki ijayo nitaleta walimu wote wa Sayansi wa kata hii. Wenye cheti na wasio na cheti. Wewe ndiye utakayewafundisha. Hapahapa." Akamgeukia Anselm. "Na kipindi cha Darasa la Sita kina mwenyewe. Nimeandika."

Anselm alibaki nyuma Mratibu alipotoka. Alijikohoza. "Mwalimu Theresia, ile barua niliyokupa. Nirudishie. Naona ilikuwa na makosa ya uandishi."

"Nitaileta kesho, Mwalimu Mkuu."

Anselm naye akatoka. Theresia alikaa kwenye benchi la mbele, bua la mtama magotini. Nyuma ya banda jenereta ilikuwa bado inanguruma. Ashrafu hakuizima, wala hakuuliza.

Gunia la mlangoni liliinuliwa. Walikuwa wanawake wanne waliokuwa wakitoka shambani, majembe begani, na mmoja ana mzigo wa kuni kichwani. Habari zilikuwa zimewakuta njiani. Walisimama kwenye mwanga, hawakuingia, wakachungulia kile kilichokuwa kikijikunja na kujiachia kwenye kioo.

Yule mwenye kuni alitazama kwa muda. "Na wa mwanamke," aliuliza, "nao uko hivyohivyo?"

"Uko hivyohivyo," alisema Theresia.

Mwanamke alishusha kuni, akaziegemeza kwenye nguzo, akavua kandambili. Theresia akasogea kwenye benchi, akampisha.