Makoti Thelathini na Moja

Jumanne asubuhi mama alikuwa juu ya ngazi katika ukumbi wa makumbusho, akitundika koti la kazi la binti yake kwenye waya. Fundi wa kuchomelea aliyefunga nyaya alimshikia ngazi, na msanii alimwelekeza kutoka chini: kushoto kidogo, hapo hapo, asante mama. Makoti yalikuwa thelathini na moja, ya bluu, ya washonaji waliokufa kiwanda cha mashati kilipoungua. Haya yalikuwa ya akiba, yalibaki nyumbani kwenye nguo za kufua. Msanii hakutaka kuifanya kazi ile peke yake. Aliwaita wazazi, waume na watoto wa marehemu, kila mmoja apige pasi koti la mtu wake na kulitundika mwenyewe, kwa mpangilio ule ule wa cherehani zao kiwandani. Mifuko yote ilikuwa imeshonwa ikazibwa, amri ya kiwanda, mtu asije akaondoka na vifungo. Kwa sababu hiyo hiyo mlango wa kiwanda ulikuwa ukifungwa kwa nje mpaka zamu iishe.

Maonyesho yalifunguliwa saa nne. Saa nne na robo makoti yakajaa. Yalianza mabega, ikafuata mikono, kisha vichwa, na washonaji wakaketi hewani wakaendelea kushona. Mlinzi aliandika kwenye daftari lake kwamba watu thelathini na mmoja wameingia bila tiketi. Mkurugenzi alikuja, akasema kanuni zinakataza kuvaa kazi za sanaa, lakini kwa kuwa makoti ni yao, basi yaishe.

"Kola umeiunguza tena," binti alimwambia mama yake bila kuinua macho.

"Ulitaka niipigeje, na pasi yenyewe umeniachia mbovu?"

Binti akacheka. Mama naye akacheka, halafu akalia, maana miezi kumi na minne tangu moto ule si mchezo. "Twende nyumbani, mwanangu."

"Zamu ikiisha, mama. Wakifungua tu, natoka."

Saa kumi na moja jioni wageni walitolewa na mlinzi akafunga mlango kwa ufunguo. Watu wa bima walitaka hivyo, koti lisije likaibwa. Ndani, washonaji walisimama, wakaja mlangoni, wakabisha. Mwanzoni walibisha kwa adabu, baadaye adabu ikawaisha. Baada ya dakika ishirini kukawa kimya. Kesho yake makoti yalikuwa kwenye nyaya, matupu, yananuka moshi, na saa nne na robo yakajaa tena. Ikawa hivyo kila siku.

Mama alikwenda ofisini kwa mkurugenzi. "Siombi makubwa. Siku moja tu, uache mlango wazi."

Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, alimwagizia chai na machozi yakamlengalenga. "Kwa moyo wangu, mama, ningeuacha wazi leo hii. Sasa makoti yakipotea, nitamweleza nani?"

"Makoti baki nayo. Mimi namtaka aliye ndani."

Aliahidi kulifikisha kwenye bodi, na kweli akalifikisha. Mwenye kiwanda alikuwa mjumbe wa bodi. Alizungumza vizuri sana juu ya marehemu, hata katibu akaacha kuandika. Ilikubaliwa kwamba mlango utaendelea kufungwa, ila jamaa wataruhusiwa kukaa nje yake mpaka kelele ziishe, na kwa kuwa wengi ni watu wazima, wawekewe viti.

Viti viliwekwa, vizuri, vyenye mito. Mama hukaa kile kilicho karibu na kitasa, mkono wake juu ya ubao, na huusikia unavyotikisika.

"Mama," binti aliita jioni moja kutoka ndani, "mwenye ufunguo umemwona?"

Mlinzi alikuwa amesimama kando ya mama, anatazama saa.

"Nimemwona, mwanangu," mama akasema. "Yuko hapa hapa."