Jina Lililofutwa

Mama Séraphine alifungua fundo la kitenge, akatoa redio ndogo yenye betri zilizokazwa kwa mpira, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

"Jana nilisikia humu mwanaume mwenye mafua," akasema. "Anasema maneno yangu. Huyo mutu ni nani?"

Josué, mtangazaji wa kituo hiki kidogo cha redio cha Kasongo, alijifanya anakaza waya ambao haukuwa umelegea. Wa kujibu alikuwa Hodan, mwandishi mgeni. Ndiye aliyepanda pikipiki hadi kijiji cha Wamaza kurekodi kisa cha mashamba ya muhogo yanayochimbwa dhahabu na watu wasioomba ruhusa. Na ndiye aliyeigeuza sauti ya mama huyu na kulifuta jina lake. Hakumwuliza. Alidhani anamtendea wema, na wema wa namna hiyo, tuseme ukweli, una kiburi chake.

"Nilitaka kukulinda, mama."

"Kunilinda na nani? Wale wachimbaji wananijua. Kila asubuhi wananisalimia kwa jina, ndani ya shamba langu! Asiyenijua ni shefu, mkubwa wa eneo letu, na ndiye atakata maneno ya mashamba Jumamosi. Jana alisema, maneno bila mwenyewe hatayakalia kikao. Tukikosa ile siku, shamba limekwisha."

Hapa hata tangazo la mbuzi aliyepotea huanza na jina la mwenye mbuzi, la baba yake na la kijiji chake, na anayelileta studioni hutajwa pia. Lisilo na jina ni umbeya tu. Watu hulicheka na kuendelea kutwanga sombe ya majani ya muhogo. Wiki tatu nzima Hodan alikuwa ameyasikia matangazo hayo, na hakuyasikiliza.

Lakini hofu yake haikuwa ya kuazima. Alizaliwa Baidoa, akajifunza Kiswahili Eastleigh alikokimbilia na mama yake, akakulia Oslo. Miaka kumi na moja iliyopita kaka yake Liban, mwandishi kama yeye, alitaja jina lake mwenyewe redioni huko nyumbani Baidoa. Siku ya tatu wakamzika. Tangu hapo Hodan aliandika habari za wanaodhulumiwa, nchi baada ya nchi, kwa jina la Sagal. Josué hakujua kwamba ana jingine. Mwenyewe alikuwa amelizoea mno hilo la Sagal, hata mama yake akimwita Hodan kwenye simu, alishtuka.

"Wakikudhuru je?" akauliza.

Séraphine alimtazama, ukali ukamwishia. "Mwanangu, woga ninao. Lakini ule woga ni wangu. Niachie niupime miye mwenyewe."

Saa sita, saa ya matangazo, Josué aliwasha mitambo na Hodan akamsogezea mama kiti. Mara hii hawakugeuza kitu.

"Miye Séraphine, binti ya Tambwe, wa Wamaza. Shamba langu liko pembeni ya mto. Mama yangu alinizaa akiwa analilima. Hakuna mutu aliniomba."

Hata hajamaliza, simu ya redio ikalia. Josué akaisogeza kwenye kipaza sauti.

"Miye Cadette, binti ya Magloire, wa Wamaza. Shamba langu linafuata la Séraphine. Jumamosi nitakuwa pale kwa shefu."

Ikakatika, ikalia tena. Alikuwa mwanamke aliyejitaja Rosine. Kisha mwanamke mwingine aliyekuwa akilia, ila jina la baba yake akalitaja bila kukwama.

Hodan aliandika mbio mbio, machozi yakimloweshea daftari, wala hakujisumbua kuyafuta. Josué akakiinamia kipaza sauti, akasema kama asemavyo kila siku, "Na haya maneno yameletwa kwetu na…" Akamgeukia.

Séraphine naye akageuka. "Eh, kweli. Weye uko binti ya nani?"

Kabla ya kujua kuhesabu hadi kumi, Hodan alikuwa amefundishwa na bibi yake kuhesabu mababu, babu mmoja kwa kila kidole cha mikono miwili, na akikosea anarudia tangu mwanzo. Tangu Liban azikwe, hakuwahi kuwahesabu. Akavuta kiti. Chini ya meza akashika kidole gumba.

"Mimi ni Hodan," akasema, na Josué akainua kichwa. "Binti wa Warsame. Warsame wa Cige…"

Vilibaki vidole vinane.