Leva Fupi kwa Nchi Tambarare

Dada yangu Theda alinikuta ghalani kwa mama nimekaa ndani ya gari lililozimwa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gia, mdomo ukinguruma. Nilikuwa nimefika gia ya tatu. Alisimama mlangoni na ndoo yake, akanisubiri niingize ya nne, kisha akaniuliza kwa upole kama nimekaribia kufika.

Naitwa Onno Habben, na umri wangu hauniruhusu kusingizia ujana. Nina duka la vifaa vya kusaidia kusikia mjini Leer. Wazee hunijia kutoka vijiji vyote vya pwani, nami nawafundisha wao na wake zao namna ya kusikilizana. Theda ni mkubwa wangu, daktari wa mifugo, mwanamke wa maneno machache na mabuti makubwa. Gari ni letu sote wawili: la Kijapani, dogo, jekundu, la viti viwili na paa la turubai. Tulilinunua baba alipofariki, kwa zile fedha ambazo mama alitaka tununulie jiwe kubwa la kaburi. Baba mwenyewe alikuwa amesema jiwe haliendi popote. Basi wiki moja gari langu, wiki moja lake, na kaburi la baba lina jiwe dogo.

Majira yale ya baridi nilikuwa nimepatwa na ugonjwa. Leva ya gia, ile fimbo ya kubadilishia, ilikuwa nzima kabisa. Lakini nilikuwa nimesoma kwenye mtandao kwamba leva ya kiwandani ina safari ndefu. Kutoka gia ya pili hadi ya tatu mkono wako unakwenda kama mtu anayemfuata shangazi yake mji wa pili. Kumbe wapo mafundi wanaotengeneza leva fupi. Unaigusa tu, gia imeingia. Wengine wanapunguza safari kwa robo, wengine kwa karibu nusu. Nikasoma mabishano ya wanaume ambao hawajawahi kuonana, wakitukanana kwa sababu ya bushi za shaba, zile pete ndogo zinazoshika shina la leva. Nikajiunga nao. Nikatukanwa, nikarudisha.

Jumapili, tukinywa chai kwa mama, nilikuwa naeleza. Nilichomeka kijiko kwenye kipande cha keki nikaonyesha: hii ndiyo leva yetu, tazameni inavyoyumba, sasa nikikishika hapa chini, tazameni. Mama alisema keki inaharibika. Theda alitazama krimu ikizama taratibu kwenye kikombe chake. Mara moja alifungua mdomo kana kwamba anataka kusema jambo kuhusu gari, lakini mimi nilikuwa nimefika kwenye asilimia, na mtu aliyefika kwenye asilimia hakatizwi.

Mwenyekiti wa chama chetu cha magari ni Focko Ulferts, fundi mstaafu wa matrekta anayeishi Detern. Alinihurumia akanialika kwake. Alikuwa na giaboksi kuukuu juu ya meza na leva tatu za kubadilisha. Alinifunga macho kwa skafu ya mkewe, akaniwekea moja baada ya nyingine, na wanachama wengine wakakaa kwenye mapipa ya mafuta kunitazama. Ya kwanza nilisema ni nzito na haina roho. Ya tatu nilisema ni ya kawaida, inafaa watu wa kawaida. Ya pili ndiyo iliyonitoa maneno. Nilisema ni kali kama kisu, kwamba mtu aliyeiunda anaelewa maana ya kuendesha, na kwamba nikiwa nayo sitaomba tena kitu duniani.

Focko aliifungua ile skafu polepole. “Hiyo ya pili ni ya kiwandani,” akasema. “Nimeitia bushi mpya na grisi. Basi.”

Walicheka mpaka mmoja akadondoka kutoka kwenye pipa lake. Nilicheka nao, maana usipocheka siku kama hiyo itakubidi uhame mkoa. Mtu mwenye akili angenunua bushi na grisi, akarudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu wengi mno. Wateja wangu wenyewe, hata wale ambao vifaa vyao vilikuwa bado mezani havijawashwa, walikuwa wameshasikia habari za leva. Jioni ile ile niliagiza ile iliyo fupi kuliko zote. Sababu, kama mtu angeniuliza, ni kwamba haikuwemo kati ya zile tatu, kwa hiyo hapakuwa na ushahidi dhidi yake.

Tuliifunga kwangu, mimi na Focko, siku ya mvua. Ilikuwa kitu kizuri kutazama: chuma kinachong'aa, kimo cha yai kwenye kikombe chake. Focko aliisukuma mara mbili akasema safari imefupika kweli, lakini uzito haujaenda popote, umehamia kwenye mkono wa dereva. Nilimwambia huo si uzito, hiyo ni hisia.

Nikaenda kuijaribu. Sasa hapo ndipo nilipokumbuka ninapoishi. Nchi yetu ni tambarare kiasi kwamba mlima wetu mkubwa ni tuta la kuzuia bahari, na juu yake kuna kondoo. Ukitoka Leer unaingiza gia ya tano, na huna sababu ya kuitoa mpaka uone maji. Nilikuwa nimenunua silaha ya milimani. Nilifika baharini nikiwa nimebadilisha gia mara chache kuliko ninavyopiga chafya. Kwa hiyo niligeuza, nikaenda kwenye mzunguko wa barabara karibu na Hesel, nikauzunguka. Natoka, narudi, napunguza ya tatu, ya pili, naongeza tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza stroberi kwenye kibanda pembeni alinitazama kwa muda, halafu akaja hadi ukingoni na kunielekeza kwa mkono upande wa Aurich, kwa huruma, kama mtu anayemwongoza mgonjwa. Nikamshukuru, nikaelekea Aurich. Sikuwa na shughuli yoyote Aurich.

Gia ilikuwa ngumu, hilo nalikiri. Kuingia ya pili ilikuwa kama kufunga sanduku lililojaa nguo. Na ikifika mwendo fulani leva nzima ilivuma kama nyuki ndani ya chupa. Mimi, ambaye kazi yangu ni sauti, nilijiambia kwamba huo ni mlio wa kimichezo.

Wiki ya Theda ilipoanza, alinijia na gari siku ya pili yake. Alikata sentensi yangu ya kwanza kabla haijazaliwa, akasema nirudishe leva ya zamani. Nilimweleza kwamba ni suala la kuzoea. Alisema hataki kuzoea. Nikasema kwa kawaida watu wasio na hisia ya gari huwa wanahitaji muda kidogo. Akanitazama kama anavyomtazama ng'ombe aliyemkanyaga, akachukua ufunguo, akaondoka.

Tulikaa hivyo, tumenuniana kwa adabu, mpaka Alhamisi moja mchana aliponipigia simu. Gari lake la kazi lilikuwa gereji, ng'ombe wa mkulima mmoja kule Ditzum alikuwa ameshindwa kuzaa, na alihitaji mtu wa kumshikia kamba. Alinipitia dukani na lile jekundu. Masanduku yake ya dawa yalikuwa mapajani mwangu, mabuti yake shingoni mwangu, na tukaondoka mvua ikipiga turubai.

Njia ya Ditzum ni nyembamba, inafuata mifereji, ina kona na matrekta. Kwa mara ya kwanza ile leva ilipata kazi. Na kwa mara ya kwanza nilimtazama dada yangu akibadilisha gia. Kila alipotaka ya pili, aligeuza mwili wote. Aliweka kiganja juu ya leva, akaegemea kwa kifua, na mara mbili niliona mkono wa kushoto ukiacha usukani na kuvuka kuja kumsaidia wa kulia. Uso wake ulikuwa umekakamaa. Nilianza kusema kitu kuhusu namna ya kuishika, kisha, sijui kwa rehema gani, nikanyamaza.

“Una nini begani?” nikamuuliza.

Alipunguza mwendo, tukapita daraja. Akasema ni tangu majira ya kupukutika majani. Ndama alikuwa amekaa vibaya, mama yake akalala ghafla huku mkono wa Theda ukiwa ndani. Daktari amemwambia apumzike. Kuendesha kulikuwa kunamuuma hata kwa leva ya zamani, kwa sababu ilimbidi anyooshe mkono mbali, na hii mpya ndiyo imemmaliza.

“Si ungeniambia, dada.”

“Ningekuambia lini, Onno? Baridi nzima ulikuwa unaongea asilimia.”

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililonichoma. Nimetundika ukutani mwa duka langu bango linalosema kwamba kusikiliza ni upendo. Nililichagua mwenyewe.

Ndama alitoka hai, jike, mwekundu. Nilivuta kamba nilipoambiwa nivute, nikaanguka kwenye samadi nilipoambiwa niache. Wakati wa kurudi niliendesha mimi, na Theda akalala usingizi, mdomo wazi, kichwa kikigonga dirisha, bila kujali nyuki wa kwenye chupa.

Jumamosi nilimpeleka kwa Focko. Safari hii sikufunga macho wala sikufungua mdomo. Theda alikaa kwenye kiti cha dereva, na sisi wawili tukawa tunabadilisha leva, yeye akisema tu “hapana”, “hapana”, “mbele zaidi”, “juu kidogo”. Ilinishangaza jinsi kuchagua kulivyo kazi rahisi mtu anayechagua akijua anachokitaka. Mwishowe alibaki na moja ambayo mtandaoni nilikuwa nimewatukana watu waliokuwa nayo. Haifupishi safari kwa kiasi cha kujivunia. Ila ni ndefu kwenda juu, imepinda kumwelekea dereva, kishikio chake kikubwa kama kiazi kinakaa karibu kabisa na usukani, na gia inaingia kwa vidole viwili. Ni mbaya kutazama. Focko alitia bushi mpya na grisi, akarudi nyuma hatua moja, akasema sasa gari linafanana na basi la shule.

Chama chetu kilipokusanyika mwanzoni mwa kiangazi, watu walilizunguka, wakachungulia. Mmoja aliuliza inapunguza asilimia ngapi. Nikasema sijui. Alidhani natania.

Bega la Theda linaendelea vizuri. Anafanya mazoezi kwa kamba ya mpira iliyofungwa mlangoni kwa mama, akihesabu kwa sauti. Gari limemkaa mwilini. Limemkaa kiasi kwamba wiki iliyopita, wiki yangu, alikuja asubuhi kulichukua, akasema ana ng'ombe wengi upande wa Krummhörn na kwamba mimi, kwa kweli, naishi jirani na duka. Nikampa ufunguo, nikapanda baiskeli, na upepo wa baharini ukanipiga usoni mpaka dukani. Baiskeli yangu ina gia tatu. Nilitumia moja.