Kapu la Simu Lililokwenda Mbamba Bay

Bei ya sarafu ya mtandaoni ilipotimiza siku arobaini bila kupanda wala kushuka, Mwalimu Sixbert aliwaita wanachama wenzake wanane wa kikundi walichonunulia sarafu hiyo nyumbani kwake, Mbinga mjini. Ingeshuka, wangelia, ingepanda, wangechinja. Lakini kule kukaa tu kama figa kuliwatia wazimu. Watu wazima wenye mashamba ya kahawa walikuwa wakichungulia simu hata katikati ya misa.

"Kuku akitazamwa sana hatagi," Mwalimu alisema. "Simu zote ziondoke mjini kwa siku tatu."

Wote wakamgeukia Mama Kunigunda, nesi mstaafu, mtu wa kuaminika, tena mwenye mdogo wake Mbamba Bay. Wakaziweka simu zao kapuni, wengine wakizibusu kwanza. Wakainua mikono kupitisha azimio: asiulize mtu bei, wala asiambiwe. Alhamisi Kunigunda akapanda basi, kapu mapajani, ameshika vishikio vya kapu kwa mikono miwili.

Ijumaa mchana alikuwa akimsaidia mdogo wake, Rosina, kuanika usipa, dagaa wa ziwani, ufukweni, kapu likaanza kunguruma. Simu tisa, kengele tisa za bei. Rosina alidhani ni nyuki, akakimbia. Kunigunda akajifuta mikono kwa kanga, akafungua simu yake. Bei ilikuwa imepanda kwa theluthi nzima!

Bila kufikiri, akampigia Mwalimu. Simu ya Mwalimu ikaita mle mle kapuni.

"Si upokee, dada," Rosina alisema kwa mbali.

Akampigia Restituta, mke wa Mwalimu, ambaye hakuwa mwanachama.

"Mwambie mumeo imepanda! Anipe namba yake ya siri nimuuzie!"

Restituta akaenda, akarudi. "Ameziba masikio, mama. Anaimba. Anasema azimio ni azimio."

Sarafu za kwake angeweza kuziuza. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Ndipo akajiona Jumapili kanisani, ameketi benchi moja na wale wanane, ameshiba peke yake. Akakiondoa kidole. Saa kumi na moja jioni bei ilikuwa imerudi palepale, kama mtu aliyetoka kujisaidia.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Sixbert alitokea ufukweni na suti yake, akasema amekuja kununua samaki. Nusu saa baadaye akaja Kilian, katekista, naye samaki. Hadi mchana wote wanane walikuwa wakizungukazunguka mchangani, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

"Mama, shikamoo," Kilian alisema, macho kapuni. "Imetikisika?"

Kunigunda akawaeleza yote.

"Niliusikia ujumbe wako," Mwalimu akakiri. "Niliziba sikio moja tu."

"Sasa mbona hukunijibu?"

"Azimio nililitunga mimi."

Kilian akaketi chini, akalia. Mwingine akaanza kucheka: "Ilisogea! Jamani, kumbe iko hai!" Wakakumbatiana, wenye machozi na wenye vicheko, suti ya Mwalimu ikajaa magamba ya samaki.

Rosina akawatazama. "Mmepata kitu?"

"Hapana."

"Mmepoteza?"

"Hapana."

"Sasa huu ni msiba au harusi?"

Mwalimu akaanza kupangusa magamba kwenye suti yake.

Walirudi kwa basi moja, kila mtu na simu yake. Kabla halijaanza kupanda milima, Mwalimu akapendekeza kapu liende tena mwezi ujao, safari hii Kingerikiti. Mikono minane ikainuka. Wakamsubiri Kunigunda. Yeye alikuwa ameinamia simu yake, akibonyeza polepole.

"Nimeuza," alisema.

"Kwa bei hii? Hii hii?" Mwalimu alinong'ona kama mtu aliyeona maiti.

"Hii hii."

Akafungua dirisha, akajifunga kanga vizuri, akauliza kama kuna mwenye ndizi. Wale wanane hawakumsikia. Walishainama juu ya simu zao, wakitazama kama kuuza kwake kumeisogeza bei.