Majembe ya Msimu Mmoja

Katika nchi ya Ulembo kila jambo lilikuwa na amri yake, na kila amri ilikuwa na askari wake. Kidamali mhunzi alipoitwa barazani, alikumbuka kwamba mhunzi aliyemtangulia aliitwa vivyo hivyo na hakurudi.

Waziri wa Masoko alikuwa ameshika jembe kuukuu. "Hili ulilifua lini?"

"Miaka kumi na miwili iliyopita, mheshimiwa."

"Miaka kumi na miwili mtu hanunui jembe jingine. Karakana za Mfalme zile nini?"

Mfalme akacheka kidogo. Mawaziri nao wakacheka, kwa kipimo hicho hicho.

"Mtukufu," Kidamali alisema, "jembe si muhogo, linunuliwe leo na kuliwa leo. Hununuliwa mara moja, likamtumikia mtu miaka. Mwenye jembe imara huvuna, na akiuza ziada yake hununua kitanda, hununua cherehani. Ndivyo soko linavyokua."

"Mbona mwaka huu hata vitanda hawanunui?" Mfalme aliuliza.

Kidamali alijua jibu. Mtu hununua kitu cha kudumu akiwa na hakika ya kesho, na Ulembo nzima hakuna aliyekuwa na hakika hiyo tangu askari waanze kuchukua watu majumbani.

"Sijui, Mtukufu."

"Basi fua majembe ya msimu mmoja," alisema Waziri.

Akayafua. Mkewe, Semeni, aligonga moja kwa ukucha, akasikia mlio wake mbovu.

"Baba Lukelo, hili litalima nini?"

"Tuna watoto, mke wangu."

"Na watakaolinunua, hawana?"

Kidamali akageukia moto, akaendelea kufua.

Mvua ziliponyesha, majembe yalivunjika. Watu wakanunua mengine, nayo yakavunjika, na Waziri akatangaza kwamba soko halijapata kuchangamka namna ile. Msimu ulipokwisha, hapakuwa na cha kuvuna wala cha kununulia. Wakulima wakajaa mbele ya baraza, mipini mitupu mikononi.

Mfalme alijitokeza. Waziri akamsonta Kidamali, aliyekuwa amesimama kati ya wakulima. "Aliyewaangamiza ni huyu."

Kidamali akasogea mbele. "Niliyafua mimi," alisema. "Walioniagiza ni hawa wawili. Nilijua yatavunjika, nikaogopa kusema. Hata sasa naogopa."

Askari wawili wakamkamata. Mwanamke mmoja alipita kati ya askari, akasimama mbele ya Kidamali. Akafuata mwingine, na mwingine. Mfalme aliwatazama askari wake. Nao walikuwa hawajala tangu juzi, wakainamisha macho. Waziri akaanza kurudi nyuma polepole, akiupapasa mlango.

Mikono iliyomshika Kidamali ililegea. Aliwatazama wale wenye njaa waliomzunguka, asijue kama wamekuja kumkinga au wanangoja zamu yao ya kumwadhibu.